Lori Lililovuta Sigara Tandika

Wasikilizaji wapendwa, fundi Jabiri Mwinshehe wa Tandika alikuwa na desturi moja ya asubuhi. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, akamimina chai kwenye kisosi, akaipuliza. Mtu asimsemeshe mpaka kisosi kiishe. Jumamosi moja ya mwaka 1975 hakukimaliza. Honi ya lori ilianza kulia upande wa soko, ikalia bila kukatika. Majirani walidhani dereva ana haraka. Jabiri aliweka kisosi chini, akatoka mbio pekupeku.

Jabiri alikuwa fundi umeme wa magari. Alijua kwamba honi inayolia vile haijabonyezwa na mtu.

Fundi Jabiri ametutoka wiki iliyopita, mzee mwenye wajukuu wengi. Leo tunamkumbuka. Niwieni radhi nikisimulia kwa furaha. Ndivyo familia yake ilivyonisimulia mimi.

Miaka ile vipuri vilikuwa adimu. Fiyuzi ina kijiwaya chembamba. Umeme ukizidi, kinaungua chenyewe na gari linapona. Lakini fiyuzi madukani hazikuwapo. Basi madereva wakabuni lao. Walichukua ile karatasi ya kung'aa iliyomo kwenye pakiti ya sigara, wakaizungushia fiyuzi iliyoungua, gari likawaka. Wengi walifanya hivyo, na waliona ni ujanja.

Fransis, dereva wa lori kuukuu la ushirika wa kina mama, alikuwa rafiki wa Jabiri. Siku chache kabla ya Jumamosi ile, Jabiri alifungua kikasha cha fiyuzi cha lori lake, akaikuta karatasi.

"Fransis, lori lako limeanza lini kuvuta sigara?"

"Acha utani, kaka. Hiyo haiungui hata iweje."

"Ndiyo ubaya wake. Isipoungua hiyo, zitaungua nyaya. Lisitoke mpaka nibadilishe nyaya za chini ya usukani."

"Nimekuelewa."

Jabiri akaitoa karatasi. Fransis alielewa kweli, lakini kina mama walihitaji kufika shambani. Akairudisha.

Ijumaa jioni, Bi Tabu, mke wa Jabiri, alirudi nyumbani akiwa mwenyekiti mpya wa ushirika ule. Akatangaza kwamba kesho wanakwenda shambani Kongowe kwa lori la Fransis.

"Hupandi," Jabiri akasema.

"Mbona?"

"Nimesema hupandi."

"Kumbe uenyekiti wangu umekukaa kooni."

Jabiri akaenda kulala. Alipanga kwenda kumzuia Fransis asubuhi, akishakunywa chai. Tabu aliondoka mapema kuliko chai hiyo. Akapanda.

Sasa twende sokoni, wasikilizaji wapendwa. Moshi mweusi unatoka chini ya usukani. Waya uliochubuka umegusa chuma. Fiyuzi ingekatika. Karatasi ya sigara haikukatika. Nyaya zikayeyuka, zikashikana, honi ikalia yenyewe. Nyuma ya lori kuna kina mama, majembe, na pipa la dizeli la pampu ya shamba. Kina mama wanaruka. Mmoja tu amegoma: Bi Mwajabu, mama mnene asiyeishiwa maneno.

"Mie siruki. Nishusheni taratibu, mie si gunia la mihogo."

"Bi Mwajabu, gari linaungua," Tabu akamwambia.

"Si naona? Nishike vizuri basi."

Hapo Jabiri akafika. "Tabu, shuka."

"Mwenyekiti hatangulii kushuka. Wewe fanya kazi yako."

Kazi yake ilikuwa betri. Umeme ukikatwa pale, nyaya zinaacha kuchemka. Lakini kibano cha waya wa betri kilikuwa kimeliwa na kutu, tena cha moto. Tabu akavua kanga aliyojitanda, akamrushia. Jabiri akaizungusha mkononi, akavuta. Kikagoma. Akavuta tena kwa uzito wake wote, kikachomoka, naye akaanguka chali. Honi ikanyamaza. Fransis akamwaga mchanga chini ya usukani, moto ukafa kabla haujalifikia pipa. Bi Mwajabu akashuka, na Tabu akashuka nyuma yake. Vigelegele vikapasua soko. Hakuna aliyeumia, isipokuwa kiganja cha Jabiri.

Tangu siku ile Jabiri alikagua magari ya Tandika, aombwe asiombwe. Binti yake, Hamisa, ameniambia: "Ukinunua gari la zamani, baba hakupi hongera. Anaingiza kichwa chini ya usukani kwanza, miguu inabaki nje. Sie watoto tulikuwa tunaonaga aibu."

Bi Tabu, Hamisa na familia yote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu fundi wetu. Nasi tunaoendesha magari ya zamani, tujiulize leo: ndani ya kikasha kuna fiyuzi, au kuna chochote kile ili mradi gari liwake? Harufu ya waya unaoungua tusiizoee.

Jana nilimwuliza Bi Tabu kama waliwahi kuumaliza ugomvi wa Ijumaa ile. Akacheka, kisha akajifuta macho. Waliumaliza Jumamosi jioni, wakati akimfunga kiganja. Tabu alimwuliza mumewe kwa nini hakumwambia tu kwamba lori ni bovu.

Jabiri aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Nilitaka kusema naogopa kukupoteza, Tabu," akasema. "Ikatoka nakukataza."