Mpira wa Mwisho wa Tello Obando

“Tello alikuwa anasimama tu! Mpira ulimfuata wenyewe mpaka kwenye glavu.”

Hayo aliyasema Don Fulgencio Mairena, rais wa klabu yetu ya besiboli, jana mchana msibani, huku anatafuna mkate wetu. Mama Nubia, mjane, akamuuliza, “Na nani alikuwa anaurusha, Don Fulgencio? Si wewe? Mara matopeni, mara mawinguni!” Watu wakacheka. Yeye akavaa kofia.

Basi tuyaseme vizuri, na Don Fulgencio mwenyewe yupo anasikia.

Mjomba wetu Eleuterio Obando, Tello, alizaliwa Nandaime tarehe 18 Aprili 1957. Shule alifika darasa la sita, akaenda kukata miwa. Mwaka 1976 klabu ikamchukua, akalinda besi ya kwanza mpaka 1993. Pale wenzako wanaokota mpira, wanakurushia, unaudaka kabla mkimbiaji hajafika. Ukiudaka, hakuna anayekumbuka kwamba ulirushwa ovyo. Don Fulgencio, aliyecheza naye, alirusha ovyo miaka yote hiyo, mjomba anagaragara vumbini kuudaka. Nani alipewa vikombe? Picha ya nani ipo getini? Mjomba hakupewa hata fulana.

Alimwoa Nubia Téllez tarehe 7 Januari 1984. Vidole vilikuwa vimevimba kwa mipira, pete ikagoma, padri akamvisha kidole cha mwisho. Mchana bwana harusi akaenda kucheza, bibi harusi jukwaani na shela lake, anaizomea timu ngeni.

Figo zilimwanza 2015, kama wakata miwa wengi. Klabu haikuja hata na chungwa moja. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Machi 2021.

Kwetu mchezaji akifa, jeneza hupitishwa uwanjani, na mwenzake humrushia mpira wa mwisho pale alipokuwa anacheza. Jana Don Fulgencio alikataa: “Hiyo ni heshima ya nyota.” Leo asubuhi kasikia redio inakuja. “Nitarusha mimi mwenyewe!” Tumemkubalia, tena kwa moyo mmoja. Jeneza lipo besi ya kwanza, glavu juu yake, mji mzima jukwaani. Arushe tuone, leo hakuna wa kumgaragaria.

Ameacha mjane, watoto Yader, Maritza na Dayana, wajukuu watano, na sisi wapwa.

Lala, mjomba. Huu usihangaike nao, uache upite.

Mniwie radhi, nampelekea Don Fulgencio mpira.