Komeo la Kwanza

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa dirisha nizione nyuso zenu, maana jicho la kushoto limeshagoma na sitaki kuongea na vivuli. Binti yangu, weka chini hicho kijiko, dawa nitakunywa nikimaliza, na nisipomaliza itakuwa haina kazi tena. Na wewe, kitinda mimba wangu, dereva mkubwa wa tipa, usianze kulia kabla sijasema kitu, utanipotezea maneno, na pumzi niliyobaki nayo ni ya kubana matumizi. Nimengoja hadi mchana huu nikawapata wote wawili, ili niseme kwanza yaliyo mepesi, halafu lile moja lililonikaa kooni miaka thelathini na moja.

Mepesi ni haya. Karakana ni ya dada yako, mwanangu, na tafadhali usininunie. Wewe mashine ya kuchomelea uliikimbia mwenyewe, ukasema cheche zinakutobolea mashati, ukaenda kukalia kiti cha tipa, unavuta wenzo mmoja tu bodi linanyanyuka na mzigo unashuka, halafu jioni unakuja kunitania kwamba vibinuko vyangu, mikokoteni yangu inayojimwaga yenyewe, ni watoto wa tipa waliodumaa. Nimecheka sana na utani huo, wala haujawahi kuniudhi, ila siku nyingine nilijifanya nimekasirika ili uniletee machungwa. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na yeyote atakayemfukuza mwenzake humu ndani ajue nimemkataza leo nikiwa na akili zangu timamu. Halafu wewe nakuachia karai la mama yenu, lile la bati lenye kiraka. Usigune, sikiliza kwanza habari zake, kwani bila karai hilo mimi ningekufa fundi wa kuchomelea mageti tu.

Wakati huo mimi na mdogo wangu, yaani baba yenu mdogo, tulikuwa na mkokoteni mmoja wa kawaida, tunavuta mchanga na mawe kutoka machimboni kwenda kwa wajenzi. Kuvuta hakukuwa tatizo, tulikuwa na vifua. Tatizo lilikuwa kushusha. Mnafika mmeshachoka, halafu mnashika makoleo nusu saa nzima kuutoa mzigo, na mgongo unauma mpaka unashindwa kuinama kuvua viatu. Nikaanza kuchora mkokoteni wa kumwaga wenyewe. Nilichora kwenye mifuko ya saruji, nikachora ukutani, nikachora hata nyuma ya picha yetu ya harusi, nikanuniwa siku tatu. Kila nilichounda kilikuwa na kasoro: cha kwanza kilikataa kubinuka mpaka tukisukume watu wanne, cha pili kilibinuka kabla hata hatujamaliza kukipakia. Siku moja nikamkuta mama yenu anafua uani, karai limejaa maji, zito kuliko yeye mwenyewe, na amelikalisha juu ya jiwe, si katikati, amelisogeza kidogo upande mmoja, akilizuia kwa goti. Alipomaliza kufua akaondoa goti, karai likabinuka taratibu, maji yakaenda zake mferejini. Nikamuuliza nani kakufundisha hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani kamfundisha kupiga chafya, akasema, "Maji yenyewe yanataka kwenda. Mimi kazi yangu ni kuyazuia tu mpaka nimalize."

Basi hapo ndipo kibinuko kilipozaliwa. Nikasogeza ekseli mbele vidole vinne kutoka katikati ya sanduku, uzito ukabaki nyuma, sanduku likawa linataka kubinuka muda wote, na huku mbele, karibu na anayevuta, nikaweka komeo la chuma lenye jino moja la kulizuia. Mkifika mnafungua komeo, mnakaa kando, mzigo unashuka wenyewe. Watu wakanisifu mtaa mzima, nikavimba kichwa, na mama yenu sikumtaja hata kwa mtu mmoja. Alijua, akaishia kunicheka. Nyinyi mtajeni. Mtu akiwauliza nani alibuni kibinuko, mwambieni ni mama yetu, akiwa anafua.

Binti yangu, mchoro wako wa chaki pale sakafuni karakana nimeuona, juzi mliponikalisha kwenye kiti mlangoni ukadhani nimesinzia. Ni mzuri kuliko wangu. Magurudumu mapana yasiyozama kwenye tope, mpini unaorefuka, sanduku lenye pembe za mviringo ili udongo mbichi usigande. Kitengeneze. Nilikaa pale nimefumba macho huku moyo umejaa furaha, nikaogopa kufumbua nisije nikakuharibia. Lakini komeo umelichora la jino moja, kama lile la kwanza, wakati vibinuko vyetu vyote siku hizi ni vya meno mawili. Najua wateja wanalalamika, wanasema meno mawili na pini ya mnyororo ni usumbufu, wanataka kufungua kwa kidole. Hata yule mwashi wa mtaa wa pili, aliyeniiga kibinuko changu mpaka rangi, nami nikakaa miaka sita bila kumwamkia, hata yeye aliyaiga meno mawili, na kwa hilo nimemsamehe, mumfikishie salamu. Rudisha meno mawili, mwanangu. Sasa nawaambia kwa nini, na msinikatize, kwa sababu nikinyamaza hapa katikati sitaweza kuanza tena.

Siku baba yenu mdogo alipovunjika mguu, wewe binti yangu ulikuwa unatambaa, na huyu alikuwa hajazaliwa. Mkandarasi wa jengo la ghorofa alikuwa anakuja kukitazama kibinuko, akikipenda achukue ishirini. Asubuhi ile nikakijaribu, komeo likawa gumu, nikalipiga kwa kiganja mara tatu ndipo likafunguka. Nikaona aibu. Mkandarasi atanionaje, fundi gani huyu anayepigana na komeo lake mwenyewe? Nikachukua tupa ya kukwangulia chuma, nikalipunguza lile jino, kidogo tu, mpaka likawa linafunguka kwa kidole kimoja, laini kabisa, nikafurahi. Sikumwambia mtu. Mdogo wangu akaja, tukapakia mawe, akafunga komeo kwa mkono wake, nikamwona kwa macho yangu na nikalisikia likiingia. Kisha mimi nikashika mpini mbele, yeye akaenda nyuma kusukuma, tukakipanda kile kilima cha kuelekea kwenye jengo. Gurudumu likaingia kwenye kishimo kidogo, hata chai kikombeni isingemwagika. Jino likateleza. Sanduku zima likabinukia nyuma, juu yake.

Watu wakakusanyika, wakauliza nani alifunga komeo. Nikasema, mdogo wangu. Ilikuwa kweli, wanangu, na ubaya wake uko hapo hapo, kwa sababu neno la pili sikulisema. Nikamfuata hospitali, mguu umefungwa plasta mpaka nyongani, akanishika mkono, akaniambia, "Kaka, nisamehe, nimekuharibia siku yako." Nami nikamjibu nimekusamehe. Mimi. Nikamsamehe yeye. Tangu hapo hakugusa tena mkokoteni, akajifunza kushona viatu kwa kuwa ni kazi ya kukaa, na tangu hapo hapiti kwenye komeo lolote, la mlango, la dirisha, la banda la kuku, bila kuligusa mara mbili. Nyinyi utotoni mkampachika jina Mzee Kagua, mkicheka, naye akicheka nanyi, na mimi baba yenu nikijitia hamnazo, nikicheka kuliko nyote. Nampenda mdogo wangu. Hakuna mtu aliye hai niliyempenda kabla yenu isipokuwa yeye, na bado nimemwacha miaka yote hiyo aamini kwamba mkono wake ndio uliokosea.

Usiniangalie hivyo, binti yangu. Au niangalie, nimestahili. Mwanangu, wewe ndiye mrefu, nenda rafu ya juu karakana, kwenye kopo la nati, mna kitambaa cheusi cha grisi. Ndani yake ndilo komeo lenyewe, la kwanza, na mikwaruzo ya tupa ingali kwenye jino. Niliwaambia watu nimelitupa, na wakanisifu kwa kuweka la meno mawili, wakasema fundi huyu ana tahadhari. Lilete unipe mkononi.

Ndilo hili. Sasa shikeni agizo langu, hata kama mengine yote mtayasahau. Mnipeleke kwake leo, sasa hivi. Alikuwa akija kukaa nami kila siku, akiligusa komeo la mlango huo hapo, lakini hii ni wiki ya pili mguu umemvimba, haendi popote, na mimi siwezi kuungoja upone. Hapana, usimlete kwa gari. Mtu niliyemvunja mguu sitamwita anifuate ili nimwombe radhi. Wala gari haliingii kwenye uchochoro ule, usinidanganye, uliwahi kukwaruza ukuta wa watu pale. Nipakieni kwenye kibinuko cha bluu, wekeni godoro, dada yako avute, wewe usukume. Mfunge meno yote mawili, na pini. Nikimwagwa barabarani mbele ya yule mwashi atapata kicheko cha mwaka mzima.

Taratibu. Hapo, hapo, mto chini ya shingo. Kumbe ndivyo mawe yalivyokuwa yakiona. Kinavuta vizuri, eti? Beringi hizo nilizitia grisi mwenyewe. Polepole kwenye mtaro. Nikifa mnizike kando ya mama yenu, bila makuu, na msinipeleke kwa hiki, safari yangu ndani yake ni hii moja. Mkikosana, aliyekosa aseme siku ile ile. Siku ile ile, mnanisikia? Mungu awape mikono isiyokosa kazi, na kazi yenu isimvunje mtu. Awape watoto wa kuwatania. Awape... ngoja nipumzike kidogo.

Yule pale barazani. Ana kiatu cha mtu mapajani, miwani imeshuka puani. Ametuona. Mwambieni asisimame... haya, ameshasimama. Mwacheni aje na fimbo yake, hatua ni chache. Simama hapa, binti yangu. Usimzuie mkono, mwache aguse komeo. Mara moja. Mara mbili. Wamelifunga, mdogo wangu, wamelifunga vizuri, hawa ni watoto wetu.

Inama. Sauti yangu haifiki. Fungua kiganja... hili ni la siku ile. Pitisha kidole kwenye jino. Wewe unaijua tupa... ni mimi. Asubuhi ile, kabla hujaja. Ni mimi.

Ulilifunga, mdogo wangu. Siku ile... ulilifunga.