Zephaniah Atasema Nini Jumamosi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Mulei fundi viatu, ng'ambo ya stesheni ya Voi. Tangu nilipotolewa shule darasa la nne, mimi ndiye ninayemimina kahawa hapo. Wiki hiyo jua lilikuwa kali na watu walikuwa wamechoka. Zephaniah, anayetengeneza reli na kwa ukimya wake huitwa Taruma, kama gogo linalolala chini ya reli, alikuwa akituuliza jambo moja kwa siku ya tatu: aseme nini. Mama yake alikuwa mgonjwa huko mlimani. Wazee walitaka kila mtoto afike kutasa: unapiga funda la maji, unayapuliza nje, unataja kwa sauti hasira uliyo nayo juu ya mgonjwa, ndipo unamwombea. Ndugu zake wote walikwisha kutasa. Siku yake ilikuwa Jumamosi, na mtu akificha neno, ugonjwa haushuki.

Mulei aliona ni kazi rahisi.

— Sema umesamehe, basi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapa? — aliuliza Kituku, ambaye aliwahi kufagia ofisi ya DC, kwa hiyo tunamwita Karani.

Karani alishauri maneno yaandikwe kwa wino, yapigwe muhuri, yasomwe kwa Kizungu. Alisema Kizungu hakiumi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kugombezwa na mama yake kwa Kizungu. Mulei akakataa. Afadhali Taruma asimame kando ya reli gari la Mombasa likipita, apige kelele yote, kisha awapelekee wazee kitakachobaki.

— Na kisipobaki kitu?

— Basi amepona yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyecheka. Zephaniah alizungusha kikombe.

— Kila neno mnalonipa naliona kubwa mno. Au dogo mno.

Nilimwongezea kahawa, ingawa hakuomba. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Ndipo Dinah, mdogo wake, akafika kumchukua. Alikuwa ameteremka na lori la mboga, kanga imejaa vumbi. Alisalimu, akakaa, akamsikiliza Karani akirudia habari ya muhuri.

— Kaka, kwani mama alikukosea nini?

Tukaangaliana. Siku tatu tulikuwa tukimpa maneno, na hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Karani aliinama akafunga kamba za viatu vyake.

Zephaniah alijibu akitazama chini.

— Nilirudi kutoka vitani peke yangu, bila ndugu yetu Obadiah. Mama alikuja hapo stesheni kutupokea. Aliniangalia, akasema, Mbona ni wewe?

Wakati huo Dinah alikuwa mtoto.

— Ulimjibu nini?

— Nilibeba sanduku langu, nikapita. Miaka tisa sasa.

— Basi kaseme hivyo hivyo. Usiongeze kitu.

Zephaniah alisimama, akavaa kofia, kisha akasita.

— Na akiniuliza tena?

Dinah alitutazama sisi watu wa benchi, mmoja mmoja. Kisha akamshika kaka yake mkono, wakaenda kupanda lori.