Watu Kumi na Wawili, Siku Kumi na Sita

Kwenye benchi la mtaa wa Nyakato, mkabala na fundi baiskeli, Paskazia huuza kahawa tangu asubuhi, na wateja wake hawana haraka ya kwenda popote. Leo alikuwa na daftari mapajani. Kesho anafanya mtihani wa maarifa, ule wa wanaojisomea bila kupitia sekondari, mama wa miaka thelathini na nane; mwaka jana hesabu zilimwangusha, na ameapa kwamba akianguka tena, masomo basi. Kosa lake, akawasomea watu wa benchi swali.

— Watu sita wanalima shamba kwa siku nane. Watu kumi na wawili watalima shamba hilohilo kwa siku ngapi?

Luhende, fundi ujenzi wanayemwita Mkandarasi, hakusubiri hata kahawa ipoe.

— Kumi na sita. Watu wameongezeka mara mbili, siku nazo zifuate. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

— Acha zako, akasema Revocatus, ambaye kwa kutonyamaza anaitwa Redio. Umoja ni nguvu. Unajumlisha zote: sita, nane, kumi na mbili. Ishirini na sita, imeisha hiyo.

Paskazia alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila hakujua akishike wapi. Akamgeukia Ngosha, mkubwa wao, aliyekulia kwenye vikundi vya kulima kwa ngoma huko Misungwi. Ngosha akaeleza taratibu. Watu sita hawana makuu, wanalima wanakwenda zao. Kumi na wawili hao tayari ni kikundi: lazima aje mpiga ngoma, ugali upikwe, na siku nzima iishie kwenye kubishana nani akae mstari wa mbele. Siku ya pili wanacheza. Jembe linagusa udongo siku ya tatu, na hapo bado kuna Jumapili na msiba wa jirani.

— Kwa hiyo Mkandarasi kapatia, akamaliza. Kumi na sita. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Hakuna aliyeuliza methali hiyo imeingiaje. Redio naye akahamia upande wa kumi na sita, na Paskazia akaiandika. Roho ilimuuma, maana alitaka sana kupata japo swali moja kwa akili yake mwenyewe.

Mama mmoja wa Usagara, Evelina, aliyekuja mjini kununua jembe, alikuwa amesimama pale akisubiri kikombe.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, Ngosha akaitikia.

— Naomba kuuliza. Mnasema watu wakizidi siku zinazidi, basi wakipungua zinapungua. Sasa asipokwenda hata mtu mmoja, shamba litaisha lini?

Mkandarasi akatazama ndani ya kikombe. Redio akajaribu kujumlisha. Ngosha alihesabu vidole mpaka cha mwisho, akaanza upya.

Paskazia alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akakata kumi na sita, akapiga hesabu mwenyewe: sita mara nane, mtu mmoja angelima siku arobaini na nane; gawanya kwa kumi na wawili.

— Nne, akasema, na furaha ikamjaa kifuani.

Kisha akamwinua Redio kwenye benchi, akamkalisha Evelina, akafungua swali la pili.