Bi. Nekoye na Mtama wa Githae

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwahudumia wafugaji wa chama chetu, kutoka Kiganjo hadi Mugutha, Bi. Mourine Nekoye, afisa wetu wa malisho, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Alikubali tumwandikie wasifu kwa sharti moja: kisa cha mtama wa Githae kisiachwe nje. Tulimsihi, akakataa katakata.

Mazuri kwanza, apende asipende. Ndiye aliyewafundisha wafugaji wetu kuhifadhi malisho ya kiangazi. Alizunguka mashambani na gambuti zilizomzidi miguu, na hakurudi ofisini Thika bila habari za ng'ombe wa mtu.

Sasa kisa. Msimu mmoja wa baridi na manyunyu, Mzee Githae wa Mugutha alimwita aangalie mtama aliowapandia ng'ombe wake. Majani yalikuwa na madoa mekundu. Nekoye alikuwa anakimbilia mkutano, akaangalia akiwa nje ya ua, akasema udongo una njaa, uongezewe mbolea. Kumbe ilikuwa kutu, ugonjwa wa ukungu, wala mbolea haiutibu. Majani yakakauka shamba zima, na Githae akauza ng'ombe wawili kwa kukosa malisho.

Tangu hapo Nekoye huzunguka njia ndefu asipite langoni kwa Githae. Ukimwita daktari, kama wafugaji wanavyopenda, anainamisha uso. Akaanza pia kubeba kitambaa cheupe cha kufutia majani: kikishika unga wa rangi ya kutu, ni ugonjwa, kikibaki safi, anatafuta sababu nyingine. Tulimtania kwamba anapangusa mtama kamasi. Kitambaa hicho kimeokoa mashamba mengi, lakini aibu yake haijamtoka.

Wiki jana Githae alifika ofisini kuuliza kama ni kweli anastaafu. "Mwambieni daktari nimepanda mtama tena, na uko na madoa," alisema. "Sitaki mwingine. Akuje yeye." Nekoye alipoambiwa alilia, kisha akauliza gambuti zake ziko wapi.

Kwa hivyo sherehe ya Ijumaa itaanza saa nane mchana, maana asubuhi mstaafu wetu ana kazi Mugutha. Asante kwa miaka yote hii. Tunakuombea mapumziko mema, daktari.