Marehemu Josepha Rwehumbiza, Mwenye Kitalu cha Kiseke

Baba Paroko, wafiwa wenzangu na majirani wa Kiseke: mimi ni Mutayoba, mdogo wake marehemu. Ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa kuwa mimi ndiye niliyegombana naye kuliko wote, na wanasema anayegombana na mtu ndiye anayemjua.

Josepha alizaliwa Kamachumu, Muleba, tarehe 19 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa Mzee Rwehumbiza na marehemu mama yetu Paskazia. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo jina halikuwasumbua. Alianza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1961, kisha akasoma sekondari Bukoba na kumaliza kidato cha nne mwaka 1971. Baba alimsomesha kwa kahawa, akamwambia wazi kwamba anataka kumwona ofisini, si shambani.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa karani katika shirika moja la umma hapa Mwanza. Tarehe 27 Desemba 1975 alifunga ndoa na Mwalimu Okeyo Odera wa Shirati. Shemeji alipokuja kujitambulisha alibeba kambale wakavu kikapu kizima, na baba akauliza kama huyu ni mkwe au mchuuzi. Walijaliwa watoto wawili, Akinyi na Odongo.

Shirika lilipovunjwa mwaka 1993, dada alipata kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, akapanda haraka hadi kuwa msimamizi mkuu wa zamu, mwenye watu mia mbili chini yake. Tulijivuna sana. Mimi nilimtaja hata kwa watu ambao hawakuniuliza. Lakini alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi amechoka hata kusema. Taratibu aliacha kwaya, akaacha kula samaki, mwisho akaacha hata kuwauliza watoto habari za shule. Jumatatu tarehe 21 Oktoba 1996 alifika getini akashindwa kuingia. Mlinzi, Mzee Nkwabi, alimletea kiti, akakaa pale hadi saa sita mchana. Nilipoitwa kumchukua aliniambia neno moja tu: "Mutayoba, miguu imekataa."

Hospitali hawakuona ugonjwa. Daktari alisema ni uchovu wa kazi, nasi tukaona aibu, maana kwetu uchovu hutibiwa kwa kulala siku moja. Machi 1997 aliandika barua ya kuacha kazi, akaanzisha kitalu cha miche hapa Kiseke: migomba, miparachichi na mipapai. Mimi kwa mwaka mzima nilimwambia baba kwamba dada yuko likizo.

Wala hakupona mara moja. Kitalu alikiendesha kama kiwanda. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akajiandika kwenye daftari la mahudhurio, na siku aliyochelewa alijiandikia onyo. Jirani yetu Mama Kashindye, alipokuja kununua mipapai, aliliona daftari hilo akamuuliza, "Sasa Mama Akinyi, unamwogopa nani? Bosi si wewe?" Dada alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji anasema hakuwa amemsikia akicheka kwa zaidi ya mwaka. Daftari hilo aliliwashia jiko siku hiyo hiyo. Tangu hapo alilala mpaka jua litoke, akarudi kwenye kwaya, na nguo zake zikaanza kumbana.

Februari 1998 kiwanda kilimtaka arudi, safari hii apewe na gari. Barua niliileta mimi, nikiwa nimevaa suti. Nilimkumbusha kahawa ya baba, nikamwambia haifai msomi azeeke na udongo kwenye kucha. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mutayoba, mimi nimepona," akasema. "Usinirudishe wodini."

Niliondoka bila kuaga, na sikukanyaga hapa kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Naijuta miezi hiyo yote.

Mei 1999 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Baba alikuja kwa meli kumwona, nami nikakiri kwake uongo wangu wa likizo. Alinijibu kwamba dada alikwisha kumwandikia ukweli wiki ile ile aliyoacha kazi, na kwamba yeye alikuwa anangoja tu kuona nitadanganya hadi lini. Akaongeza kuwa kahawa ile ilikuwa yake, si yangu ya kuwakumbusha watu.

Mwezi Oktoba nilikwenda kumwona dada hospitalini, nikitokea kazini. Aliniangalia usoni, akaniuliza, "Na wewe, Mutayoba, unalala?" Nikamjibu kwamba nalala. Hakuniamini, lakini hakubishana nami.

Alifariki Jumamosi tarehe 6 Novemba 1999, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha baba, Mzee Rwehumbiza, mume, Mwalimu Okeyo, watoto, Akinyi na Odongo, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake.

Dada, mbele ya watu wote hawa nakujibu sasa: silali. Wewe lala kwa amani ya Bwana. Mimi nitajifunza.