Kitambulisho cha Mtazamaji

Gari la abiria aina ya Noah lilipoondoka Moshi kwenda Kilema, Scola, mwalimu mstaafu, alishindwa kuondoa macho kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa binti aliyekaa kando yake: MTAZAMAJI WA UCHAGUZI. "Shikamoo mama," binti alisema. "Marahaba. Hicho umekipataje?" "Shirika letu liliniombea kibali Tume ya Uchaguzi."

Wivu ukamshika Scola. "Mimi niliomba mwenyewe, kwa barua ya mwandiko safi. Nikajibiwa kibali hapewi mtu binafsi, mpaka taasisi."

"Ndiyo kanuni, mama."

"Kanuni! Nusu ya wapiga kura wa Kilema nimewafundisha kusoma mimi. Wewe unamjua nani huko?"

"Simjui mtu. Ndiyo maana nimepangwa huko, nisije nikapendelea."

Abiria wa mbele alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Scola alikitazama tena kile kitambulisho. Hata picha ilikuwa imetoka vizuri.

Gari likasimama. Binti akashuka, akageuka mlangoni. "Samahani mama, shule ya msingi yenye kituo cha kura ni njia ipi?"

Scola alikuwa amefundisha shule hiyo miaka ishirini na sita.

"Uliza huko mbele," alisema, akavuta mlango.